Nundu ya Njugu Mawe

Ng'ombe wa plastiki wanaouzwa soko la Majengo hawana nundu. Ni weupe wenye mabaka meusi, viwele vimejaa hadi vinakaribia kugusa chini, na pembe zao ni kama vipele. Nilimwambia Masudi, muuza midoli, kwamba ng'ombe wa namna hii akiletwa kwetu Ugogo mwezi wa kumi hamalizi wiki.

Masudi akacheka. “Mama, huyu hali majani. Chukua tu.”

“Sitaki wa kwenye pakiti ya maziwa. Nataka ng'ombe.”

“Basi kamwoteshe nundu mwenyewe.”

Alisema kwa utani, lakini ndicho nilichokwenda kufanya.

Naitwa Yudith, nyumbani huniita Mama Hilda, nakaa Kikuyu hapa hapa Dodoma, na mume wangu Gerson ametwaliwa na Bwana mwaka wa kumi na moja sasa. Kila Desemba mimi ndiye ninayepanga pango la Krismasi kanisani kwetu. Zile sanamu zililetwa zamani, kabla sijaolewa. Yusufu hana pua, mmoja wa Mamajusi anasimama kwa msumari, na punda amepoteza masikio yote mawili. Mimi huwaunga kwa gundi na udongo wa kichuguu, nikawapaka rangi ya kucha. Sikufundishwa na mtu. Angelina, tunayeimba naye kwaya, kila mwaka hunichokoza: “Yudith, Musa angekukuta na hizo sanamu zako angekupasulia vibao kichwani.” Nami humjibu, “Musa naye alitengeneza nyoka wa shaba, watu wakapona.” Tunacheka, tunaendelea kufagia.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tano, nikaletewa wifi yangu Paulina, dada wa marehemu Gerson. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa wa vikope wa miaka mingi. Daktari alisema kwa upole kwamba wamechelewa, la kufanya halipo. Mwanawe Damas alimtoa nyumbani kwake, mbele kidogo ya Buigiri, akamweka kwangu kwa muda huku yeye akitengeneza chumba kule Kibaigwa anakofanya biashara ya mahindi.

Paulina ninayemjua mimi alikuwa mwanamke wa kupiga ngoma mpaka vumbi linapanda. Huyu niliyeletewa alikaa kitandani ameelekea ukutani. Kula, vijiko vitatu. Kanisani hataki. Chooni haendi mpaka nimshike mkono, na akishashikwa anatembea kama mtu anayevuka mto. Nilimnunulia fimbo nyeupe. Akaisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

“Sijawa ombaomba wa stendi, wifi.”

Nikaomba usiku na asubuhi.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Damas akaja. Ni kijana mwema, niseme kweli. Hakuna Jumamosi inayopita bila yeye kupiga simu. Alikaa sebuleni, kofia magotini.

“Mama, chumba kimekamilika. Mwisho wa mwezi wa saba nakuja kukuchukua. Nyumba ya kijijini tutaifunga, na ng'ombe nitatafuta wa kuwachukua.”

Paulina akageuza uso. “Ng'ombe gani wa kuchukuliwa?”

“Wote, mama. Mwaka wa tatu sasa Mzee Castory anawachunga kwa hisani, wewe zizini hufiki. Atachunga mpaka lini?”

“Na mimi nikae Kibaigwa nifanye nini? Nisikilize malori yakirudi nyuma?”

“Ukae na wajukuu zako.”

“Wajukuu wangu wanashinda shule. Nitakaa na malori.”

Damas akanitazama, anaomba msaada. Akasema taratibu, “Mama, kule huwezi kutoka hata mlangoni. Ukianguka peke yako, mimi nitasema nini mbele za watu?”

Ndipo Paulina akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia, nadhani hata yeye mwenyewe. “Nipeleke nyumbani siku hiyo hiyo. Nitatoka mlangoni, nitakwenda jikoni, chooni, zizini, bombani, nitarudi. Bila mkono wa mtu. Nikianguka au nikipotea, nakufuata Kibaigwa na sitanung'unika. Nikifika, unaniacha kwangu.”

“Mama…”

“Umesikia.”

Damas akakubali. Niliona amekubali kwa sababu alijua haitawezekana. Mtu asiyeweza kwenda choo cha Kikuyu, hatua kumi na mbili kwenye saruji, ataweza wapi?

Damas alipoondoka, Paulina akarudi kutazama ukuta. Neno alikuwa amelisema, lakini nguvu ya kulifuata hakuwa nayo. Wiki mbili zikapita hivyo, na mimi nikizihesabu.

Siku moja nilikuwa mezani na sanduku la pango, natafuta kilichovunjika nikiunge mapema. Paulina aliletwa na njaa, nikamkalisha. Mkono wake ukatua juu ya punda.

“Huyu ni mbwa au mbuzi?”

“Ni punda wa Mariamu.”

“Masikio yake?”

“Yalivunjika.”

Akampapasa mgongo, miguu, akarudi kichwani. “Punda bila masikio ni mbwa, wifi. Mnamdanganya nani?”

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za wiki hizo mbili. Nikatulia kama mtu aliyeona ndege karibu. Nikamsogezea kondoo. Akamtambua. Nikamsogezea ngamia, akacheka kidogo, akasema huyu amebeba mzigo au ni kilema. Hapo nikakumbuka tulivyokwenda Buigiri na akina mama wa kanisa kupeleka sabuni kwa watoto wasioona. Mtoto mmoja wa kike alikuwa na ubao wenye kamba zilizogundishwa, anapitisha kidole, anatuambia: hapa bwenini, hapa bwaloni, hapa kanisani. Kisha akainuka akaenda huko bwaloni kama mimi ninavyokwenda jikoni kwangu.

Nikasema moyoni: Bwana, kumbe ulikuwa umenionyesha.

Nikang'oa mlango wa kabati la Gerson, kabati lenyewe lilikwisha liwa na mchwa, nikaulaza juu ya meza. Huo ndio ungekuwa uwanja wa Paulina. Nikampigia simu mzee Castory, jirani yake, anipimie kwa hatua: kutoka mlangoni hadi jikoni, hadi chooni, hadi pale walipolala ng'ombe Krismasi niliyokuja na Gerson, na kutoka hapo hadi bomba la maji. Castory ni mtu wa maneno machache. Alihesabu, akanitajia, nikaandika nyuma ya kalenda.

“Na zizi bado lipo?”

“Lipo.”

“Mlango wake unatazama nyumba?”

“Unatazama nyumba.”

Nikaridhika. Njiti moja ya kiberiti ikawa hatua tatu. Nikagundisha kamba ya katani iwe njia, nikajenga nyumba kwa kipande cha boksi na mabati ya kopo, na jiko lake la tembe nikalitengeneza kwa udongo wa kichuguu, paa limelala kama lenyewe. Choo kikawa kiberiti kilichosimamishwa.

Wanyama ndio walionipa kazi. Wale wakubwa niliowakuta kwa Masudi mwanzoni wangeweza kuchungulia juu ya paa la jiko. Nikarudi mara ya pili, nikapekua gunia lake lote. Masudi akaacha hata kuhudumia wateja, akakaa kunitazama.

“Mama unatafuta dhahabu?”

“Natafuta wadogo.”

Tukapata pakiti moja ya ng'ombe wa urefu wa dole gumba, imepasuka, wamebaki sita. Nikachukua na mbuzi wanne. Nguruwe aliyekuwamo nilimrudishia, Paulina hafugi. Kisha chini kabisa ya gunia nikaona askari wa kijani, wale wadogo wa kumwagwa. Nikawatazama mmoja mmoja. Masudi akasema, “Sasa unataka vita?”

“Nataka watu. Hawa ndio watu wenye urefu unaofaa.”

Nyumbani nikaanza. Kwanza nikakata viwele kwa wembe uliopashwa moto wa mshumaa. Nikapasua njugu mawe katikati, kila nusu ikawa nundu moja, nikaibandika begani kwa gundi, na pembeni nikajaza udongo ili isionekane imepachikwa. Pembe nikatumia miiba ya mgunga. Nikatoboa kichwa kwa sindano ya moto, nikachomeka. Walipokauka nikawapaka rangi: mwekundu, wa kijivu, mweusi mwenye paji jeupe. Nilikaa nikiwatazama, moyo umejaa. Walikuwa ng'ombe wa kwetu kabisa.

Nikampa Paulina yule mwekundu. Akamshika, akaguna, akavuta mkono, akanyonya kidole.

“Ng'ombe wako anauma.”

Miiba ilikuwa bado na ncha. Nilisahau kabisa kwamba atawaona kwa vidole.

“Rangi yake nzuri sana,” nilisema, najitetea.

“Rangi?” Paulina akatabasamu, aibu ikanishika hadi masikioni. “Wifi, umempakia nani rangi?”

Nikaanza upya. Nikalainisha pembe kwa msasa. Badala ya rangi nikawapa alama: mmoja nikamkwaruza mgongo, mmoja nikambandikia mbegu za uwele ubavuni, na mwekundu nikamvunja pembe ya kushoto nusu, kwa sababu nilijua ng'ombe mmoja wa Paulina yuko hivyo. Marehemu shemeji Ernest, mumewe, alimwita ng'ombe yule Shemeji, kwa kuwa alitoka kwa wakwe walipomwoza binti yao.

Paulina alipogusa pembe ile alisimamisha mkono. “Huyu Shemeji.”

“Ndiye.”

“Mkaidi huyu. Umemweka nyuma? Yeye hulala karibu na mlango, mlete mbele.” Akambeba mwenyewe akamsogeza.

Tangu siku hiyo hakutazama ukuta tena. Asubuhi ananiuliza, “Leo tunafanya nini shambani?” kana kwamba tumekwisha vaa kanga za kulimia. Askari aliyepiga goti na bunduki mbele, nikamkata bunduki nusu, iliyobaki ikawa mwiko, na mbele yake nikaweka kifuniko cha chupa kiwe chungu. Nikamvika kitambaa kiunoni. Huyo akawa Frida, mke wa Castory, anayesonga ugali.

Paulina akampapasa. “Frida amevaa buti.”

“Nilisahau.”

“Mvue mwanamke buti, wifi. Anapika, haendi mpakani.”

Nikachonga buti zikawa miguu. Aliyesimama wima ameelekeza bunduki juu, nikaichonga nyembamba ikawa fimbo ya kuchungia. Huyo Castory. Tulipofika kwenye njia, Paulina akapitisha kidole toka jikoni hadi chooni, akihesabu njiti kwa midomo. Mara akasimama.

“Chooni hatua kumi na nane tu? Kwangu ni nyingi zaidi. Hizi hatua za nani?”

“Za Castory.”

“Castory!” Alipiga paja. “Mtu mwenye miguu ya korongo! Mnataka nikalie tope?”

Tukashuka uani, mimi na yeye, nikaweka mawe mawili umbali niliokadiria kuwa ni hatua kumi za Castory, nikamshika mkono akatembea. Zikawa kumi na tano zake. Kwa hiyo Castory akipiga mbili, yeye anapiga tatu. Choo kilikuwa ishirini na saba. Bomba toka zizini, hatua arobaini za Castory, likawa sitini. Nikabandua njiti zote nikapanga upya. Kidole kiliniwaka kwa gundi, lakini nilikuwa naimba.

Kisha akauliza swali nililokuwa nalikwepa. “Na mimi niko wapi hapa?”

Sikuwa nimemtengeneza. Sikujua nimtengeneze vipi. Kumweka ameshikwa mkono sikutaka, kumweka anatembea kama zamani ni uongo. Nikarudi kwa Masudi mara ya tatu. Nikamwaga askari kwenye mkeka. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa na bunduki. Ameinama kidogo, ameshika fimbo ndefu kwa mikono miwili, na mwisho wa fimbo kuna kisahani kinachogusa ardhi.

“Huyu anafanya nini?”

“Huyo anatafuta mabomu, mama. Anapapasa mbele kabla wenzake hawajapita.”

Nikamshika mkononi muda mrefu. Masudi akasema, “Nenda naye tu. Huyo hakuna mtoto anayemtaka.”

Nilikata kisahani, nikakata mkono mmoja nikaugundisha ubavuni, fimbo ikabaki katika mkono wa kulia. Kofia ya chuma nikaifunika kwa uzi uliosukwa kama kilemba. Gauni nikalitengeneza kwa kipande cha kanga ya Paulina mwenyewe. Sikumwambia. Nilimsimamisha mlangoni mwa nyumba, nikamwacha amkute.

Alimkuta kesho yake, baada ya chai. Vidole vikapanda kwenye gauni, vikaijua kanga, vikafika kwenye kilemba. Kisha vikashuka na mkono, vikafuata fimbo mpaka chini. Vikapanda tena. Vikashuka.

Nikaanza kuogopa kwamba nimemtukana.

“Fimbo yake,” akasema hatimaye, “ni ya mti gani?”

“Ya plastiki.”

“Hapana. Ya kweli ingekuwa ya mti gani?”

“Labda mkole. Ni mwepesi na haukatiki.”

“Hiyo uliyoninunulia ni ya chuma, inapiga kelele. Nitafutie ya mkole.”

Nikaenda chumbani nikapiga magoti kwanza. Kisha nikatafuta fimbo.

Mwezi wa saba wote tulifanya hivyo. Asubuhi kidole kwenye ubao, jioni miguu uani. Alikuwa anamtembeza yule mama wa plastiki kwa mkono wa kushoto, anahesabu, anageuka kulia, anagonga mlango wa zizi, anamsalimia Shemeji, anaendelea bombani. Jumapili moja akaenda nami kanisani kwa fimbo ya mkole. Angelina alipomwona akajisahau, akapiga kigelegele kabla hata ya wimbo wa kuingia, na Kasisi akatoa macho.

Siku ikafika. Damas alikuja na gari la rafiki yake, tukapakia vitu vya Paulina vyote, maana haikujulikana vitashuka wapi. Ubao niliubeba magotini, nimeufunika kwa shuka. Damas aliutazama mara moja tu.

“Mama Hilda, midoli hiyo ya nini?”

“Ni ya mama yako. Endesha.”

Tulimkuta Castory amesimama uwanjani na Frida. “Mbukwenyi!” akatusalimu kwa Kigogo, tukaitikia. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapeperusha mabua. Damas akamfikisha mama yake mlangoni, akamwachia mkono, akarudi nyuma.

Paulina akasimama kizingitini, akajikohoza, kama mtu anayeanza kusoma somo kanisani. Fimbo mbele. Jikoni alifika kama anayevutwa kwa kamba, akagusa ukuta wa tembe, akapiga kofi dogo. Chooni, ishirini na saba, akagonga mlango kwa fimbo akauliza, “Kuna mtu?” Frida akacheka kwa sauti. Damas hakucheka. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Kisha akaelekea zizini. Thelathini na tisa. Nilikuwa nahesabu naye kimoyomoyo. Thelathini na tisa zilipofika, akanyoosha mkono kuushika mlango wa zizi.

Hapakuwa na kitu.

Nami ndipo nilipoinua macho, nikaona. Zizi lilikuwepo, ndiyo, lenye miiba mipya, na mlango unatazama nyumba. Lakini lilikuwa upande wa juu, mbali na pale. Pale aliposimama Paulina palikuwa na mabua na mashina makavu ya maboga. Mimi nimezaliwa kwenye zizi. Nilijua tangu mtoto kwamba samadi ikijaa zizi huhamishwa, na pale pa zamani hupandwa. Lakini miaka thelathini ya mjini ilinifanya nidhani zizi ni kama nyumba ya bati, likijengwa limejengwa. Nilimtengenezea zizi la Krismasi niliyokuja na Gerson.

“Mama,” Damas akasema, akapiga hatua.

Paulina akainua mkono. “Mtu asinishike.”

Alisimama. Fimbo ikapapasa kulia, ikapapasa kushoto, haikugusa kitu. Nilitaka kupaza sauti niseme ni kosa langu, si lake, lakini ahadi ilikuwa bila mkono wa mtu, na ulimi nao ni mkono. Nikauma shuka.

Akasogeza mguu, kisigino kikazama. Akachuchumaa. Akachota udongo, akausugua, akaunusa. Mkono wake ukakutana na shina la boga, ukalifuata mpaka kwenye mzizi. Akabaki amechuchumaa, mabega yanatikisika, na Damas akadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Castory!”

“Naam.”

“Umehamisha zizi langu!”

“Mwaka juzi. Samadi ilifika magotini.”

“Na huyu wifi yangu hukumwambia?”

Castory akakuna kichwa. “Alitaka pale pa Krismasi ile, nikapima pale. Aliniuliza kama zizi lipo. Lipo. Kuhama hakuuliza.”

“Yudith!” akaita bila kunigeukia. “Umekaa na watu wa maofisini mpaka umesahau ng'ombe wanakunya!”

Hata Damas akacheka hapo, bila kutaka.

Paulina akainuka, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akapaza sauti, si kwetu. “Shemeji! We Shemeji!”

Upande wa juu kengele ya ng'ombe ikalia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena. Akageuza uso kama anayegeukia jua. Akaenda, fimbo inafagia mbele, polepole kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa hakuwa na njiti za kiberiti kichwani. Alijikwaa kwenye kisiki, akayumba, fimbo ya mkole ikapinda, ikamrudisha wima. Fimbo ikagusa miiba. Akaifuata miiba ile, tak, tak, tak, mpaka miiba ilipokoma na mti wa mlango ukaanza. Akatia mkono ndani. Ng'ombe mwekundu akaja akaweka kichwa chini ya kiganja chake, na vidole vikapanda mpaka kwenye pembe iliyovunjika.

Bado bomba. Toka pale hakujua ni hatua ngapi, wala mimi. Aliwaza kidogo. Kisha akageuka, akairudia miiba ile ile mpaka mwisho wake, akateremka mpaka udongo ulipolainika chini ya miguu. Akapiga nyayo mara mbili kuhakikisha. “Hapa napajua,” akasema. Akahesabu sitini. Bomba aliligonga kwa fimbo, likalia, akalifungua, akanawa uso.

Hakurudi nyumbani haraka. Alirudi kama mtu anayetoka sokoni.

Damas alikuwa amekaa kwenye jiwe. Mama yake alipofika akasimama, akainama, “Shikamoo mama,” ilhali walikwisha kusalimiana asubuhi.

“Marahaba. Sikuanguka.”

“Hukuanguka. Lakini ulipotea.”

“Nilipotea nikarudi. Wewe hujawahi?”

Damas akaangalia mikono yake. “Mama, siwezi kusema sina hofu. Tukubaliane hivi: ubaki mpaka mvua zianze. Mama Hilda akae nawe wiki mbili. Mama Frida apite kila asubuhi. Mvua zikianza uwanja unateleza, nitakuja tuangalie tena. Ng'ombe wabaki.”

“Nitapita asubuhi na jioni,” Frida akasema. “Tangu lini naombwa kupita hapa?”

Paulina alitaka kubishana, nilimjua. Lakini akasema, “Mpaka mvua. Kisha utaniona kwenye tope.”

Tukashusha vitu. Ubao nikauweka juu ya kinu kilichoinamishwa, shuka nikaitoa, na Castory akajikuta amesimama kando ya Castory mwingine wa kijani mwenye fimbo. Alijitazama sana. “Mbona mfupi?” akauliza. Paulina akalitafuta zizi kwa vidole, akalibandua na miiba yake yote, gundi ikatatarika. Akaliinua, akalisogeza juu, akalishikilia hewani.

“Hapa?”

“Juu kidogo,” Castory akasema.

“Hatua ngapi?”

“Zangu?”

“Sitaki zako!”

Damas aliinama juu ya ubao. Akamchukua yule mama wa plastiki, akakiangalia kilemba cha uzi, akaigusa fimbo kwa ncha ya kidole, akamrudisha mlangoni taratibu. “Na mimi sipo hapa?” akauliza.

“Wewe uko Kibaigwa,” mama yake akamjibu. “Mlango wa kabati haufiki huko. Ukija mara kwa mara wifi atakutafutia askari.”

Nilikaa wiki zangu mbili. Siku ya tatu asubuhi Frida alipasua mabua yawe njiti, tukaupanga uwanja upya kwenye ubao kwa hatua za mwenye nyumba. Nilipoondoka, zizi lilikuwa bado halijagundishwa. Paulina alisema tuliache lisimame tu, maana samadi itajaa tena.

Jana nilikuwa Majengo kwa Masudi. Natafuta lori dogo la kumleta Damas kwenye ubao, na mtu wa kukaa ndani yake anayeweza kutoka. Wote wamegandishwa kwenye usukani, itabidi nimkate mmoja kiunoni. Nilikuwa nimeinama juu ya gunia simu ikaita.

“Wifi,” Paulina akasema, na nyuma yake nikasikia kengele. “Zizini mpaka bombani kwa njia ya mkato. Nimeipita mara nne leo. Hamsini na moja. Andika. Na usimuulize Castory.”